Bakapu ya apu ya bajeti: vile utaiweka na vile utairudisha simu ikienda

Naanza na lenyewe, manake wengine mtaishia hapa juu. Usiihesabu bakapu, yaani nakala ya akiba ya hesabu zako, mpaka uwe ushajaribu kuirudisha ikarudi ukaiona kwa macho yako. Na faili ikiwa imekaa ndani ya simu ile ile yenye apu usiihesabu pia, kwa sababu simu ikikwapuliwa hapa Mombasa pale Mwembe Tayari ama ikitumbukia maji pale feri Likoni, apu na faili zaenda pamoja. Ukishika haya mawili tu uko mahali pazuri, mengine ntakayoeleza ni njia ya kuyafikia.

Naandikia mtu anayeweka hesabu zake kwa simu, kodi ya nyumba, tokeni za stima, karo, mchango wa chama, deni la dukani. Mhazini wa chama, dada anayeuza mahamri na mbaazi asubuhi, kijana wa tuktuk anayegawanya pesa za mafuta na za mwenye chombo. Ukishaandika mwaka mzima rekodi ile yashinda thamani ya simu yenyewe, simu utanunua ingine hata ya mkono wa pili, lakini nani atakukumbusha mwezi wa tatu ulimlipa fundi wa mabati ngapi na ulibaki ukimdai nani?

Jua data yako yakaa wapi

Kabla ya kufinya chochote jiulize, siku ya kwanza nilijisajili na imeili ama namba ya simu, ama niliifungua tu apu nikaanza kuandika? Kama ulijisajili, kuna uwezekano mkubwa data iko kwa seva za wenye apu, yaani kompyuta zao za mtandaoni, na kwa simu mpya utaingia na paswedi yako uikute. Kama hukujisajili, kila shilingi uliyoandika iko ndani ya simu hiyo na hakuna mahali pengine. Apu nyingi za bure ni za aina hii ya pili na mimi nazipenda, hazili bando, zafanya kazi hata mtandao ukipotea, na mambo yako hayapiti kwa mtu. Lakini kuzilinda ni kazi yako mwenyewe.

Nyinyi mliojisajili msilale. Kusinki ni kufananisha simu na seva, basi. Ukikosea ukafuta akaunti nzima ya "Chama" kwa simu, baada ya muda mfupi imefutika kwa seva na kwa tableti na kila mahali, apu haina habari kama ulikusudia ama kidole kiliteleza. Na kampuni yaweza kufunga apu, ama kitu kilichokuwa bure kikawa cha kulipia. Kwa hivyo hata nyinyi tafuteni pa kutoa data muiweke kando.

Halafu kuna mambo ambayo watu huyafanya kila siku bila kujua yafuta kila kitu. Kuiondoa apu na kuiweka tena ati ilikuwa nzito. Kufinya Clear data badala ya Clear cache, ile kashe ni data ya muda tu, haina neno, futa tu, lakini data ndo kila ulichoandika. Na kumpelekea fundi simu iliyokwama akaiflashi, yaani kuiwekea programu upya na kufuta yote yaliyomo. Fundi akitaja kuflashi mwambie angoje, kama simu yawaka hata kwa shida mwombe mtoe faili kwanza, na fundi mzuri atakubali. Wenye simu za mkopo, zile za kulipa kidogo kidogo kila siku, nyinyi zaidi, siku malipo yakichelewa simu yajifunga na huwezi hata kufungua apu uone una deni la nani, kwa hivyo bakapu yenu lazima iwe nje ya simu wakati wote, si siku ya mwisho.

Faili ya aina gani

Kwa setingi za apu utakuta vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Kimoja kimeandikwa Backup, kingine Export. Si kitu kimoja hata kidogo.

Export yakupa CSV ama Excel, yaani jedwali, mstari mmoja kwa kila muamala, tarehe, kiasi, kategoria, maelezo. Uzuri wake yafunguka popote, kwa kompyuta yoyote, hata apu yenyewe ikifa. Ubaya wake mara nyingi yabeba miamala peke yake. Bajeti ulizopanga za kila mwezi, malipo ya kujirudia kama kodi ya tarehe 5, salio la kuanzia la kila akaunti, picha za risiti, vyote hivyo vyabaki nyuma. Na kuna lingine ambalo huwachanganya sana watu: kuhamisha pesa baina ya akaunti zako mwenyewe. Tuseme umetoa 3,000 benki ukaweka M-Pesa. Kwa CSV ya apu nyingi hiyo hutoka mistari miwili, na ukiiingiza kwa apu nyingine yaweza kusomwa kama umetumia 3,000 na pia umepata 3,000, ripoti ya mwezi yavimba na wewe hujaongeza wala kupunguza hata senti.

Backup kamili ni faili ambayo kawaida apu ile ile ndo yaielewa. Ndani kuna databesi yote, yaani ghala la kila ulichoandika, mara nyingi la aina iitwayo SQLite, pengine limefungashwa pamoja na picha kwa faili moja ya zip. Ukiirudisha, apu yakuwa vile ilivyokuwa siku ile.

Toa zote mbili. Ile kamili ni ya kurudisha, CSV ni ya siku apu ikitoweka Play Store ama ukitaka kuhamia apu ingine. Hata ukihama kutoka Android kwenda iPhone mara nyingi faili kamili haikubali upande wa pili, CSV ndo itakuvusha.

Tahadhari ya CSV. Ukiifungua kwa Excel kisha ukaihifadhi juu ya ile ile, waweza kuiharibu bila kuona. Namba za simu zinazoanza na 07 zapoteza sifuri ya mbele. Na tarehe kama 03/04, wewe wajua ni tarehe 3 mwezi wa 4, lakini kompyuta iliyosetiwa Kimarekani yasoma tarehe 4 mwezi wa 3, na hakuna kengele italia, miamala yako itahama mwezi kimya kimya. Apu ikikuuliza mpangilio wa tarehe chagua ule unaoanza na mwaka, 2026-04-03, huo hauna ubishi. Na ukitaka kuchezea jedwali, chezea nakala, ya asili iache.

Kuweka bakapu yenyewe

1. Andika namba za ushahidi. Fungua apu uchukue salio la kila akaunti, M-Pesa, benki, keshi, chama, kisha jumla ya matumizi ya mwezi uliopita, na muamala wa mwisho ulioweka. Ziandike kwa daftari, si skrinishoti peke yake, skrinishoti itapotea na simu. Bila hizi namba siku ya kurudisha utaangalia skrini useme "yakaa sawa" na huna hakika. Hii hatua wengi huiruka na ndo inayonifanya nisisitize kushinda zote.

2. Ingia setingi, tafuta Backup, pengine imefichwa chini ya Data ama Zaidi. Angalia pia namba ya toleo la apu, iandike pembeni ya zile namba zako.

3. Kama kuna kisanduku cha kujumuisha picha, kiwekee alama. Apu kadhaa huacha picha nje usipoiambia.

4. Faili ipe jina lenye tarehe, mwaka mbele, kama bajeti-2026-01-31. Ukianza na mwaka faili zajipanga zenyewe kwa mfuatano na hutapata shida ya "bakapu mpya", "bakapu mpya 2", "bakapu ya mwisho kabisa".

5. Ihifadhi kwa folda ya Documents ama Download. Apu zingine huweka bakapu zenyewe kwa folda ya Android/data, na hapo ni hatari mara mbili: kuanzia Android 11 apu za kawaida za kutazama mafaili hazioni ndani yake, na ukiondoa apu folda hiyo yafutwa nayo. Yaani bakapu yafutwa na kitu kile kile ulichokuwa wajikinga nacho.

6. Angalia ukubwa wa faili. Ikisema 0 KB haikufaulu. Na kama una picha nyingi za risiti na faili ni KB chache tu, picha hazimo.

Rudia na Export, hiyo ni dakika moja.

Itoke nje ya simu

Google Drive ndo rahisi kwa wengi. Akaunti ya bure ni GB 15 lakini kumbuka nafasi hiyo yagawanywa na Gmail na Google Photos, na siku hizi bakapu ya WhatsApp ya Android pia yahesabiwa humo, kwa hivyo kama ushajaa picha za harusi, faili yako ya bajeti haitapanda. Baada ya kuipandisha ingia Drive uione iko pale, jina na ukubwa, usiamini tu kile kiduara kikizunguka.

Kujitumia imeili ni njia nzuri pia na watu waidharau. Gmail yatuma kiambatisho mpaka MB 25, faili ya bajeti bila picha ni ndogo sana, na ukiandika "bakapu bajeti" kwa kichwa utaitafuta miaka mingine uipate.

WhatsApp hapo nataka mnisikize vizuri, manake ndo mazoea yetu. Kujitumia faili kwa namba yako mwenyewe hakusaidii kama wadhani. WhatsApp mazungumzo yakaa kwa simu, simu ikienda na hukuwa na bakapu ya WhatsApp yenyewe, faili imeenda. Afadhali umtumie mtu wa nyumbani unayemwamini, faili ikiwa na paswedi, abaki nayo kwa simu yake. Telegram ni tofauti, ile Saved Messages hukaa kwa seva zao na utaikuta ukiingia kwa simu mpya na namba yako.

Memori kadi iliyo ndani ya simu si nje ya simu, mwizi hatakuachia. Na kama uliiseti kadi iwe kama memori ya ndani, imefungwa kwa siri na simu hiyo, hata ukiitoa salama simu ingine haitaisoma. Flashi na kile kiunganishi cha OTG, kinachochomeka flashi kwa simu, ni nzuri, flashi ikae nyumbani kwa kikopo kikavu chenye kifuniko, manake hewa yetu ya chumvi na fukuto la kaskazi hula vyuma vya vifaa kama hivi polepole. Ukienda saiba kutumia kompyuta yao toka kwa akaunti yako kabla ya kuinuka, na ufute faili pale Downloads na pia kwa pipa la taka.

Mimi husema sehemu mbili zinatosha kwa mtu wa kawaida, moja ya mtandaoni na moja ya kushikika. Mtandaoni yakukinga na moto na mwizi, ya kushikika yakukinga na siku umefungiwa nje ya akaunti.

Na hilo la kufungiwa ni kubwa kuliko watu wanavyofikiria. Simu ikiibiwa utataka kuingia Google kwa simu mpya, Google yatuma kodi, yaani namba ya siri ya kuingilia, kwa laini iliyoibiwa. Laini utairudisha na kitambulisho, lakini kama ni Jumamosi jioni yaweza kungoja. Kwa hivyo leo, ukiwa bado umeingia, nenda kwa sehemu ya usalama ya akaunti ya Google, kwa wale waliowasha uthibitisho wa hatua mbili (paswedi pamoja na kodi), utoe zile kodi za akiba, Google hukupa 10 kwa mpigo na kila moja hutumika mara moja tu, uziandike uziweke na vyeti vya nyumbani. Pia ule mtindo wa kufungua akaunti mpya ya Google kila ukinunua simu na kusahau ya zamani uachwe, akaunti isiyotumika miaka 2 Google yaweza kuifuta na yote yaliyomo.

Kwani Android haijiwekei bakapu yenyewe?

Yajiwekea, kiasi. Tangu Android 6 simu huchukua data za apu na kuzipeleka kwa Google, mpaka MB 25 kwa kila apu. Lakini angalia masharti: kawaida hufanya hivyo simu ikiwa yachajiwa, haitumiki, na iko kwa waifai. Sisi wengi twaishi na bando, waifai twaiona kazini ama kwa jirani, kwa hivyo simu yaweza kukaa miezi haijapeleka kitu na wewe una imani kabisa. Ingia setingi za Google, sehemu ya Backup, uangalie tarehe ya mwisho, na waweza kufinya ifanye saa hiyo hiyo. Tena mtengeneza apu ana haki ya kuikataza apu yake isichukuliwe, na apu za pesa baadhi hufanya hivyo kwa usalama. Lingine, simu isipotumika siku 57 Google yaweza kuifuta bakapu yake. Basi iwache ifanye kazi yake lakini usiitegemee peke yake. Wa iPhone, iCloud ya bure ni GB 5 na hujaa mapema, faili yako ipeleke mwenyewe.

Siri ya faili

Faili nyingi za bakapu hazina kufuli. Ile PIN unayoweka kwa apu yafunga mlango wa apu, haifungi faili. Mtu akiipata faili yako na akajua kidogo mambo ya kompyuta ataona mshahara wako, deni lako, unamsaidia nani na unamficha nani. Na mhazini wa chama ana mambo ya watu wengine humo, amana hiyo.

Apu ikikupa nafasi ya kuweka paswedi kwa bakapu, weka. Isipokupa, ifungashe zip yenye paswedi kabla ya kuituma popote. Lakini paswedi hiyo ukiisahau hakuna fundi wala kampuni itakufungulia, kwa hivyo iandike kwa karatasi ikae nyumbani, mbali na flashi. Na kama mume, mke, ama mtoto mkubwa ndo atashika hesabu ukiugua, ajue karatasi iko wapi.

Jaribu kuirudisha kabla hujahitaji

Hapa ndo kazi yenyewe. Tafuta simu ya pili, ile yako ya zamani yenye kioo kilichopasuka yafaa kabisa, ama ya ndugu yako kwa ruhusa yake. Usijaribu kwa simu unayotumia kila siku, manake apu nyingi kurudisha maana yake ni kufuta iliyopo na kuweka ya zamani, na kama faili ni mbovu utabaki huna hiki wala kile.

Weka apu ile ile kutoka Play Store. Usianze kuandika chochote. Ikikukaribisha na maswali ya sarafu na akaunti, pita haraka haraka, nenda setingi, Restore, chagua faili yako uliyoishusha kutoka Drive ama imeili. Ishushe kutoka huko kweli, usiitume kwa bluetooth kutoka simu yako, kwa sababu unachojaribu ni ile njia nzima, siku ya msiba simu yako haitakuwepo.

Ikikataa na kusema faili haitambuliki, sababu ya kawaida ni moja ya hizi: umechagua CSV mahali pa backup, faili bado iko ndani ya zip ya paswedi uliyoifungasha mwenyewe, haikushuka yote mtandao ulikatika, ama apu ya hii simu ni toleo la zamani kuliko ile iliyotoa faili. Hiyo ya mwisho ndo sababu nilisema uandike toleo, apu mpya husoma faili ya zamani, apu ya zamani mara nyingi haiwezi kusoma faili mpya. Simu nzee yaweza kuwa Play Store haiipi tena toleo jipya kwa sababu ya Android yake, basi hapo tumia simu ingine, faili yako yaweza kuwa nzima.

Ikikubali, toa daftari. Salio moja moja. Jumla ya mwezi. Muamala wa mwisho. Kisha yale yasiyoonekana haraka: malipo ya kujirudia yapo? Picha ya risiti yafunguka ama yaonyesha kisanduku kitupu? Bajeti za kategoria zipo?

Salio likitofautiana kidogo tu usiseme ni sawa. Linganisha akaunti kwa akaunti mpaka uipate, mara nyingi ni salio la kuanzia ama muamala wa kuhamisha. Na kama siku ndo zimehama, miamala ya usiku imerudi nyuma ama kwenda mbele siku moja, angalia majira ya saa ya simu. Hili huwapata wenzetu walioko Ghuba, Saudia na Qatar saa zao ni sawa na zetu lakini Dubai na Oman wako mbele kwa saa moja, muamala wa saa tano na nusu usiku wa Mombasa kule umeingia kesho, na kama ilikuwa tarehe 31 umebadilisha mwezi. Seti simu ya majaribio iwe saa za Nairobi kwanza ndo ulinganishe.

Ukimaliza ondoa apu kwa simu ya ndugu yako, ufute faili pale Download, na utoke kwa Drive yako kama ulikuwa umeingia.

Siku simu imeenda kweli

Funga laini kwanza, hesabu zitangoja. Rudisha laini, ingia Google, weka apu. Hapa najua haraka itakushika kwa sababu umetumia pesa siku mbili tatu bila kuandika na wataka kuanza, usianze. Ukiandika miamala ya leo kisha jioni ukarudisha bakapu, ya leo yafutwa. Andika kwa karatasi mpaka uwe usharudisha.

Kama ushaanza kuandika na hutaki kupoteza, toa CSV ya hiyo mipya kwanza, rudisha bakapu, kisha ingiza CSV juu yake. Uiingize mara moja tu, ukifinya mara mbili kila kitu chajirudia na kusafisha ni kazi ya usiku kucha. Apu ikikuuliza kuchanganya ama kubadilisha, soma pole pole, kubadilisha ni kufuta iliyopo.

Baada ya kurudisha angalia malipo ya kujirudia. Apu baadhi zikiamka na kuona kodi ya tarehe 5 imepita na haijaandikwa zaiandika zenyewe, hata ya miezi kadhaa kama bakapu ni ya zamani, nawe utashangaa salio limeenda wapi.

Kujaza pengo

Tuseme bakapu ni ya mwisho wa mwezi na simu imeenda tarehe 19. Sehemu kubwa ya pengo M-Pesa itakurudishia, kupitia *334# ama apu ya M-Pesa omba taarifa ya akaunti, itakuja kwa imeili kama PDF na hufunguliwa na kodi inayoletwa kwa meseji, ndo sababu laini yatangulia. Pale ndani ada ya kutuma ama ya paybill huwekwa mstari wake peke yake, kwa hivyo kama wewe huandika malipo na ada pamoja, usiihesabu mara mbili. Na pesa ulizotoa kwa ejenti usiziandike matumizi, hizo zimehamia keshi.

Keshi ndo ngumu. Sokoni Kongowea, matatu, maji ya mkokoteni, hizo hazina taarifa popote. Hesabu keshi uliyonayo sasa hivi, toa kwa ile iliyofaa kuwepo, tofauti iandike kama mstari mmoja "keshi isiyojulikana". Usibuni namba ili jedwali lipendeze, mwezi ujao utazitumia kupanga bajeti na zitakupotosha.

Mara ngapi, na uweke ngapi

Jiulize ungeweza kuandika upya siku ngapi bila kukata tamaa. Mwenye duka anayeandika mauzo, kila jioni akifunga. Mtu wa mshahara, kila wiki yatosha, ifunge na kitu ambacho tayari wakifanya, Ijumaa baada ya swala, ama siku ya chama. Kama apu ina bakapu ya kujiendesha iwashe lakini bado ingia Drive mara moja kwa mwezi uone tarehe ya faili, huwa zakatika kimya baada ya kubadilisha paswedi ama nafasi kujaa.

Usiweke faili moja unayoiandikia juu kila mara. Ukifuta akaunti kwa makosa leo na ukagundua baada ya wiki tatu, faili pekee uliyonayo pia haina hiyo akaunti. Weka za wiki chache za karibuni, za mwisho wa kila mwezi kwa mwaka huu, na ya Disemba ya kila mwaka. Wafanyabiashara hata kama ni kibanda, sheria ya taratibu za kodi ya 2015 yataka rekodi zikae miaka 5, basi za Disemba msizifute, na CSV yake pia.

Jaribio la kurudisha lifanye tena ukibadilisha apu, ukibadilisha simu, ama apu ikija na toleo kubwa lililobadilisha sura.

Simu ya zamani kabla hujaiuza

Kaa nayo wiki kadhaa baada ya kuhamia mpya, ukiitumia mpya kweli kweli, ndo utagundua kama kuna kitu hakikuhama. Ukiwa na hakika, toa bakapu ya mwisho kutoka hiyo ya zamani uiweke na zile zingine, kisha ingia setingi utoe akaunti yako ya Google kwenye simu, hiyo itangulie, halafu ndo uirudishe simu kama ilivyotoka kiwandani. Ukiacha akaunti ndani ukaifuta hivyo hivyo, atakayeinunua aweza kuulizwa imeili na paswedi yako na simu isifunguke, atarudi kukutafuta. Na ile memori kadi toa, ubaki nayo.